Masahihisho kidogo kwenye tanzia ya baba yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji zinatakiwa ziwe fupi, ila hii naomba uivumilie, ukiona imezidi kata huko mwishoni lakini tafadhali usikate katikati, baba yangu alikuwa fundi cherehani na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba kitambaa kikishakatwa katikati ndio basi tena.

Miezi mitatu iliyopita mlitutolea tangazo la kifo chake. Halikuwa na kosa, jina liko sawa, umri sawa miaka 58, mke mmoja, watoto wanne, na ile picha aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho ambayo anaonekana kama mtu anayedaiwa. Chini tukaandika alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Hayo maneno niliyaandika mimi mwenyewe saa nane za usiku, asubuhi yake mtu wenu wa matangazo akaniambia kwenye simu, pole sana dada, hapo panatosha mistari imeisha. Sina ugomvi na nyie kabisa. Ila tangu siku ile kila nikishika gazeti naanza na ukurasa wa tanzia, kabla ya michezo, kabla ya chochote, na naona wote waliokufa wiki hiyo walikuwa wachapakazi na wacheshi na wapenda watu, yaani hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu, hakuna mkorofi, hakuna mtu aliyekuwa ananuna, nabaki najiuliza hivi hawa wote walikuwa kama baba kweli au na wao mistari iliwaishia.

Si huwa mnaweka kile kisanduku kidogo cha masahihisho, kwamba jana tuliandika hivi ilitakiwa iwe vile? Basi hii ndio yangu.

Tuanze na mchapakazi. Baba alikuwa na cherehani mbili. Moja nyeusi ya miguu, ya zamani sana, aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, ile aliiita Mama Mkwe kwa sababu anasema usipoipaka mafuta inalalamika mtaa mzima unasikia na huwezi kuifukuza. Ya pili ya umeme, aliinunua baadaye kabisa kwa kelele za kaka yangu, hiyo hakuipa hata jina, alikuwa anaiita "hii". Leteni hii. Zimeni hii. Kazi za haraka alikuwa anazipiga kwa hii, kazi anazozipenda zote Mama Mkwe. Alikuwa anakaa kitini saa kumi na moja alfajiri na shule zikikaribia kufunguliwa kulala kwake ni saa saba, saa nane usiku, kola za sare zimepangwa pembeni rundo kama sitini, na sisi watoto wote wanne tumekulia kwenye ule mlio wa pedali, ndio uliokuwa unatubembeleza. Watoto wengine wanaamshwa na kelele, sisi mlio ukikatika ndio tunaamka. Unafungua macho gizani unasikiliza, unajiambia aa anabadilisha uzi, halafu mlio unaanza tena unalala.

Hiyo ni mchapakazi, na gazeti lilikuwa sahihi. Sasa hilo la mcheshi ndipo penye shida, maana mcheshi ni neno la mtu anayetabasamu kwenye vikao. Baba hakuwa hivyo. Baba alikuwa anacheza muziki na magauni ya watu. Gauni la bibi harusi likishaisha, kabla mwenyewe hajaja kulichukua, redio ikipiga kitu kizuri baba analitoa kwenye hanga, analishika kiunoni kwa adabu zote, anaanza kuzunguka nalo chumba kizima anakwepa meza ya pasi, na mama mlangoni anapiga kelele baba nanii utalichafua gauni la mtoto wa watu, yeye anamjibu subiri zamu yako mama, huyu kaja kwa appointimenti.

Mteja mnene akija kupimwa, na mimi ndio karani nimekaa na daftari na kalamu, baba anamzungushia futi taratibuuu, anasoma, anavua miwani, anaifuta, anasoma tena, halafu ananiambia kwa sauti ya huzuni mwanangu andika, kiuno hakijaonekana, tutaendelea kutafuta kesho. Na mteja anacheka mpaka futi inateleza! Nimeshawaza sana kwa nini hawakuwa wanakasirika. Nadhani ni kwa sababu baada ya utani wote ule nguo ilikuwa inakaa, mtu anajitazama kwenye kioo anajiona ana kiuno, na anajua ni baba kakitafuta mpaka kakipata.

Mwanafunzi mpya akija kujifunza kazi siku ya kwanza anatumwa dukani akanunue matundu ya vifungo dazeni moja. Muuza duka naye yuko kwenye mpango, anamwambia matundu makubwa yameisha yamebaki madogo kamuulize fundi, kijana anarudi mbio kuuliza. Kila mwanafunzi aliyepita pale kanunua matundu. Na nikiwa mkweli na mimi nilitumwa, nina miaka tisa, na nilienda!

Kitu kingine ambacho tangazo halikusema, baba hakusoma sana shule lakini historia ya cherehani alikuwa nayo kichwani utadhani alikuwepo. Alikuwa anakuonyesha sindano mbili, ya mkono na ya cherehani, anakuuliza tofauti ni nini. Tundu la sindano ya mkono liko nyuma, la sindano ya cherehani liko kwenye ncha. Basi anakwambia watu walihangaika miaka na miaka kutengeneza mashine inayoiga mkono wa mtu na haikwenda, mpaka walipohamisha hilo tundu, na Mmarekani mmoja Elias Howe akapata hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, mwaka 1846, halafu Isaac Singer akaja na ya kwake mwaka 1851 wakapelekana mahakamani na Howe akashinda, Singer ikabidi amlipe. Hapo baba anacheka, anasema unaona, jina linalojulikana ni la aliyeshindwa kesi. Lakini aliyempenda kuliko wote ni Mfaransa anaitwa Thimonnier, huyo alikuwa fundi nguo kama yeye, alipata hataza mwaka 1830 akafungua karakana ya kushona sare za jeshi kwa mashine, mafundi wenzake wa Paris wakaona hapa tunakufa njaa, wakavamia wakavunja cherehani zote. Baba alikuwa anasimulia hii kila umeme ukikatika. Anaigeukia ile ya umeme anaiambia, una bahati mimi sikuwepo.

Na daftari. Mhariri ungeliona daftari la oda za baba ungeliomba mlichapishe. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Kuna Bega Moja, kuna Mheshimiwa Tumbo, kuna Mama Usibane, kuna Zipu ya Wasiwasi, kuna mtu anaitwa Nimepungua Naapa. Na kila jina mbele yake kuna vipimo vyote vimepangwa vizuri kabisa, kifua, bega, urefu wa mkono, paja. Alikuwa anatujua watu wote kwa sentimita.

Ila yeye hakuna aliyekuwa na vipimo vyake, na hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika, naona nimezunguka sana.

Miaka miwili kabla hajafa kulikuwa na watu wa afya wanapima presha bure, mama akamburuta. Wakampima wakakuta 168 kwa 102. Mnaojua mnajua, kawaida ikifika 140 kwa 90 kwenda juu, na ukirudia kupima siku nyingine bado iko hapo, wanasema una presha ya kupanda. Nesi akamwambia mzee hii siyo nzuri, ukaonane na daktari wiki hii. Baba akamuangalia nesi, akaniangalia mimi, akasema ajabu hii, 168 ni urefu wangu na 102 ni kiuno changu, mama huyu ni fundi mwenzangu mbona hakuniambia nivue koti.

Tukacheka. Nesi kacheka, mama kacheka, mimi nikacheka mpaka machozi maana ilikuwa kweli, urefu wake ni sentimita 168 na kiuno alikuwa amefika huko. Ile stori ilizunguka nyumbani mwaka mzima, kila mgeni akija anasimuliwa. Na kwa daktari hakwenda. Sio kwamba alikataa, hakukataa hata siku moja, angekataa tungegombana naye na pengine tungeshinda. Kila ukianzisha hayo mazungumzo anakufanya ucheke, na ukishacheka unajisikia vibaya kurudi nyuma kuwa serious, inakuwa kama wewe ndio unaharibu shughuli. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba mganga mwenyewe anakuwa na utani mzuri hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu wazima wa miaka 30 mpaka 79 wenye presha duniani ni kama bilioni 1.28, na asilimia 46 kati yao hawajui kama wanayo. Niliisoma hiyo baada ya mazishi nikakaa chini. Maana baba hakuwa kwenye hao 46. Baba alijua. Alikuwa kwenye kundi la wanaojua na wana kazi ya kumalizia kwanza.

Wiki mbili za mwisho alikuwa anasema kiungulia. Halafu siku moja akasema jino, anashika taya upande wa kushoto, mama akamwangalia jino halina kitu. Akawa anapumzika katikati ya kazi, kitu ambacho hakuwa nacho, anasema anamsubiri Mama Mkwe apoe. Sasa hivi najua kwamba moyo unaweza kulalamikia kwenye taya, kwenye mkono, mgongoni, tumboni kama kiungulia, jasho jembamba linakutoka bila sababu, siyo lazima ushike kifua uanguke kama kwenye sinema. Nimejua sasa hivi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi jioni. Sitaki kuandika mengi hapa ila kuna sehemu moja lazima niiseme kwa sababu hakuna anayeisema nyumbani, na kijana anayehusika ameniruhusu.

Baba alikuwa na mchezo wa kujifanya amekufa. Nilishasema alikuwa mpenda utani. Mwanafunzi akichelewa kurudi, baba analala chini ya meza ya kukatia, ulimi nje, futi imemzunguka shingo, mtu akiingia anapiga ukunga, baba anafungua jicho moja anamwambia umechelewa, nimekufa nikikusubiri. Kawafanyia wote. Kamfanyia kaka yangu mkubwa akiwa na mwanamke aliyetaka kumuoa, siku ya kwanza kabisa mwanamke kuja kwetu (walioana, asanteni kwa kuuliza).

Basi Alhamisi hiyo kijana karudi na vifungo, kamkuta baba sakafuni pembeni ya Mama Mkwe, redio inaimba. Akacheka. Akamwambia mzee leo sidanganyiki, akaweka vifungo mezani, akaanza kupanga kazi yake huku anamsemesha, mzee amka bana, kuna mteja nje. Anasema zilikuwa dakika mbili. Siku nyingine anasema tatu. Ndio akaona mkono.

Sijawahi kumlaumu na sitamlaumu hata nikizeeka, ningekuwa mimi pale na mimi ningecheka, ningecheka zaidi yake. Lakini hata baada ya hapo hakuna aliyejua la kufanya. Majirani walikuja wengi, wana upendo, mmoja anapepea, mmoja anamwaga maji, mmoja anamwita kwa jina, mwingine anasema mpeni hewa, gari likatafutwa likapatikana, tumefika hospitali wakatuambia alishafariki. Moyo ulisimama ghafla, ndio walivyosema, na walitueleza vizuri sina lalamiko.

Kinachonisumbua ni kwamba kile kitu cha kufanya siyo siri. Madaktari wa Marekani walikiandika mwaka 1960, kwamba mtu moyo ukisimama unaweka mikono miwili katikati ya kifua unabonyeza kwa nguvu, na siku hizi wanafundisha kifua kiingie kama sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mtu mwingine anatafuta msaada. Haihitaji dawa, haihitaji cheti. Na kila dakika inayopita bila kufanya chochote nafasi ya mtu kupona inashuka kama asilimia 7 mpaka 10. Sisemi angepona, wengi hawaponi hata wakibonyezwa. Nilichofanya usiku mmoja ni kukaa kwenye Mama Mkwe na simu yenye saa nikahesabu, mguu wa baba alipokuwa anashona moja kwa moja ulikuwa unaenda karibu na kasi hiyo hiyo. Ule mlio uliokuwa unatulaza. Sote nyumba nzima, mtaa mzima, kasi tulikuwa nayo masikioni miaka thelathini na hatukujua ni ya nini.

Kwa hiyo Mhariri neno mchapakazi sasa hivi linanichoma, naomba unielewe. Kwenye mazishi wazungumzaji wote walilirudia, alikuwa mchapakazi, alikufa akiwa kazini, kana kwamba ni medali. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi walitoa ripoti mwaka 2021 wakasema mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa saa 35 mpaka 40, hatari yake ya kiharusi iko juu asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo asilimia 17. Nimepiga hesabu ya baba, msimu wa sare alikuwa anapitisha saa 100. Wajapani wana neno kabisa la mtu kufa kwa kazi, karoshi, na kesi ya kwanza inayotajwa ni ya mwaka 1969, kijana wa miaka 29 aliyekuwa kitengo cha kusafirisha magazeti. Magazeti, Mhariri. Angalia vijana wako.

Lakini hapo hapo nikishakasirika namaliza najiuliza, sasa mimi ada yangu ililipwa na nini? Kola sitini za usiku. Viatu vyangu, madaftari, nauli, mpaka hii kalamu ya kuhariri watu wengine kazini kwangu, vyote vimepita chini ya sindano ya Mama Mkwe. Siwezi kuichukia ile kazi bila kujichukia mimi. Na ule utani siwezi kuutamani uwe mdogo, ndio huo huo uliotufunga mdomo lakini ndio baba mwenyewe, ukiutoa unabaki na ile picha ya kitambulisho. Nimejaribu kuvitenganisha, kuchana mshono taratibu nibaki na upande mmoja, haichaniki.

Watu wameniambia kuhusu zile hatua tano za majonzi, kwamba kwanza utakataa, halafu utakasirika, mpaka mwisho utakubali. Nilikuwa nasubiri kwa hamu nifike hiyo ya mwisho. Baadaye nikasoma kwamba yule daktari aliyezitaja mwaka 1969, Elisabeth Kübler-Ross, alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe, siyo waliobaki. Nilicheka peke yangu kwenye kiti, nimevaa nguo iliyopimwa kwa mtu mwingine. Baba angeipenda hiyo. Za kwangu hazina foleni, asubuhi nakubali mchana nagombana na mtu benki, jioni nasikia pasi inanukia kwa jirani nalia barabarani.

Cha kusema kweli kilichonisaidia ni mzee mmoja. Siku ya mazishi, wazungumzaji wameshamaliza, watu wamekaa kimya kile kimya cha heshima, akasimama mzee mmoja mnene hatumjui, akasema mimi marehemu alikuwa fundi wangu kwa miaka ishirini na nilikuwa naomba kuuliza familia swali moja, nimesikia kwenye daftari hatuandikwi majina, mimi nimeandikwa nani? Kimya. Kaka ananiangalia mimi karani. Nikamuuliza, mzee, suti ya bluu ya mwaka juzi? Akasema ndiyo. Nikamwambia mzee, samahani sana, wewe ni Nimepungua Naapa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka mpaka akashikwa mabega. Kuna ndugu walikunja sura, wengine mpaka leo wanasema ule msiba ulikosa adabu, sawa. Yule mzee mwenyewe alicheka analia, akasema na kweli nilikuwa naapa. Halafu wakaanza kusimama mmoja mmoja, na mimi, na mimi nani, tukalazimika kutuma mtoto nyumbani akalete daftari, nikawa nasoma majina makaburini pale kama mwalimu anaita mahudhurio. Hiyo ndio tanzia, Mhariri. Hiyo ndio iliyotakiwa itoke gazetini ila isingeenea.

Tumenunua kipimo cha presha, kipo kwenye meza ya kukatia. Jumapili ya kwanza tulipimana wote. Ilipofika zamu ya kaka akasema mimi presha yangu iko juu kwa sababu niko ghorofani, na kweli nikasikia kicheko kinanipanda, ni utani wa baba ule, sauti ya baba ile. Mama hakucheka. Akamwambia leta mkono.

Nguo zilizobaki tumegawana mimi na yule kijana, yeye ndiye anaendeleza ile kazi sasa, mimi naenda jioni nikitoka kazini. Nyingi zilikuwa zimeshakatwa, ni kuunganisha tu. Wiki iliyopita nilikuwa na suruali ya mwisho kwenye daftari, nimekaa kwenye Mama Mkwe, nimeshika mwendo mzuri kabisa najisikia fundi, kutoka gotini nimeshuka mpaka kisiginoni, nageuza naona hakuna mshono. Matundu tu yamepangana mstari mzima. Uzi wa juu upo, wa chini, ule wa kwenye bobini, uliisha zamani na mashine haisemi, inaendelea kutembea vile vile, mlio ule ule. Baba alikuwa anasikia kwa sikio kwamba bobini inakaribia kuisha, anasimama kabla. Kijana akaniambia dada pumzika nitamalizia. Nikamwambia hapana, nikajaza bobini nikaanza upya pale pale gotini.

Sasa mwenye suruali hiyo simjui kwa jina na ndio sababu nyingine ya barua hii. Kwenye daftari ameandikwa Bwana Kesho. Kijana anasema ni mtu mrefu mwembamba, mpole, alikuwa anakuja kila wiki anaambiwa njoo kesho, na baba alikuwa anamwambia kwa heshima zote kwamba kesho ndiyo siku ya mafundi duniani, na yeye anacheka anaondoka, mpaka jina likawa lake. Advansi alishatoa. Kiuno 81, urefu 109, rangi ya kijani kibichi iliyofifia.

Naomba, Mhariri, kama mistari inatosha, mumwambie Bwana Kesho suruali yake iko tayari. Mguu wa kulia umepinda kidogo chini ya goti, hapo ni mimi. Aje leo.

Ni mimi,
Karani wa daftari, mtoto wa pili wa fundi